Mfu Asiyeingia Mpaka Aambiwe Karibu

Mtaa wa Kuze,
Mji wa Kale, Mombasa.
Agosti, 1994.

Kwa Ndugu Kaingu,
Mwenye Duka la Kukodisha Kanda za Video,
Tononoka.

Ndugu Kaingu,

Natumai barua hii itakukuta u mzima na duka lako lina wateja, ila wasiwe wengi kiasi cha kukukosesha nafasi ya kuisoma. Mimi ni Sufyan, yule mzee wa miwani aliyekuuliza kama kanda zako zina heshima, nawe ukaniapia kwamba zinayo. Nimefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini mpaka nikastaafu, na huko nilijifunza kwamba kila kiingiacho sharti kiwe na mtu wa kukijibia. Kanda yako imeingia nyumbani kwangu. Wa kuijibia ni wewe.

Jumamosi, baada ya alasiri, binti yangu Aida alikuja nayo. Tukakaa ukumbini mimi, mke wangu, Aida, na mamangu mzazi, Bi Mwanaesha, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba. Tulifunga madirisha ili picha ionekane, tukarowa jasho, huku watu wa kwenye filamu wakitetemeka kwa baridi. Kisa chenyewe ni cha bwana mmoja aliyekufa zamani, anayeishi katika ngome ya mawe mlimani. Huvaa joho jeusi, na jua likishatua hutoka sandukuni kwenda kunyonya damu za watu. Maneno yote ni ya Kiingereza. Kiingereza changu mimi ni cha makaratasi ya mizigo. Cha wafu sikijui. Aida ndiye aliyetufasiria, tena kwa bidii ya kupigiwa mfano, hata akawa akiisimamisha deki ili nyanyake aelewe vizuri.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Bwana yule alifika kwenye mlango wa watu, akasimama, akasema jambo. Aida akasimamisha deki na kumweleza nyanyake kwamba mfu wa namna hii hawezi kukanyaga ndani mpaka mwenye nyumba amwambie karibu. Akishaambiwa, basi tena, hakuna dawa. Mamangu, aliyelelewa kwa kutishwa na mumiani, alisema huyu ni mumiani yule yule, ila walau amefunzwa kupiga hodi. Kisha akafumba macho, nami nikadhani amesinzia.

Ndugu Kaingu, wewe ni mtu wa pwani. Wajua kwamba kwetu karibu haibaguliwi. Anayetukuta tukila, karibu. Anayeuliza njia ya kwenda Makupa, kwanza karibu, njia baadaye. Hata tusiyemtaka twamwambia karibu, naye kwa adabu yake hushukuru akenda zake. Mji huu umekaa kwa neno hilo, na filamu yako imelitia sumu.

2. Tangu siku hiyo mamangu hajamkaribisha kiumbe. Jirani alileta mahamri, yakapokewa kupitia upenyo wa mlango kana kwamba analisha mfungwa. Aliyekuja kusoma mita ya maji alielekezewa kioo cha mkono usoni, kwa kuwa mfu, kwa tafsiri ya Aida, haonekani kiooni. Alionekana vizuri sana, na bado hakuingia. Sasa hatujui tumetumia maji kiasi gani.

3. Thomu, yaani kitunguu saumu, ambacho Aida alitufasiria kwamba mfu hukikimbia. Mlango wetu wa nakshi umevishwa mashada ya thomu juu mpaka chini. Aida ndiye anayeyanunua sokoni, maskini, kwa kumtii nyanyake. Mimi mwenyewe natafunishwa punje kila asubuhi kabla ya kutoka. Msikitini safu imejaa, lakini kulia na kushoto kwangu pana nafasi ya kutosha kuegesha mkokoteni.

4. Hili lilipaswa kuwa la kwanza, ila hasira ilinivurugia hesabu. Jumanne tulikuwa na posa. Mposaji ni Bwana Taib, mwenye malori pale Makupa, mtu wa heshima. Umri umemsogea kidogo, lakini malori yote ni mazima. Nilikuwa nimeshaelewana na ami zake kwenye kahawa, nikalitangaza jambo hilo nyumbani tukila, na Aida akanyamaza. Kunyamaza kwa mwari ni kukubali, hilo halina mjadala. Sambusa zikakaangwa, udi ukafukizwa, nami nikatoka kwenda kuchukua halua.

Wazee wale, ami zake Taib, walifika mara tu baada ya magharibi, wamevaa majoho meusi, wamejipanga mlangoni kwa utulivu, wakapiga hodi. Sasa nakuomba ujiweke mahali pa mamangu, pale dirishani juu. Jua limetua. Wanaume wenye majoho meusi wamesimama mlangoni kwako, hawaingii, wangoja waambiwe karibu. Alitoa kioo dirishani awatazame, na kwa vile giza lilishaingia, hakuona mtu kiooni hata mmoja. Hapo akawa hana shaka tena.

Mke wangu alikuwa jikoni, na hawezi kumtangulia mkwewe kukaribisha wageni. Aida alikuwa chumbani, nasikia akisoma. Wazee wakapiga hodi mara tatu kama ilivyo ada, na kwa vile ada hiyo hiyo yasema asiyejibiwa arudi, wakarudi. Nilipofika na halua yangu niliukuta mlango umefungwa, wa mbele na wa nyuma. Mamangu aliniuliza jina la babu wa babu yangu ili ajue kama ni mimi kweli, likanitoka akilini kwa hasira, nikakaa barazani nikala halua na paka.

Nacheka nikiandika, lakini naogopa. Aida ni mwanangu wa pekee. Ikienea Makupa nzima kwamba kwa Sufyan posa huachwa nje, ni nani tena atakayekuja kupiga hodi? Nitakufa nimuache na nani?

5. Kwa hiyo nadai mawili. Kwanza, uvae joho, uende mwenyewe Makupa kwa ami zake Taib, ueleze kwamba kosa ni la kanda. Pili, uwaandikie wenye filamu waipige upya sehemu ya mwisho, ambamo mfu anakaribishwa, anakunywa kahawa, anauliza hali za watoto, kisha anaaga na kuondoka bila kumdhuru mtu. Nitamwonyesha mamangu hiyo, naye atapona.

Usije ukasema nimezua. Jirani yetu Mwalimu Chirau, anayesomesha Kiingereza, anaitazama kanda hiyo ukumbini hivi sasa ili awe shahidi wangu. Tumempitisha mlango wa nyuma, maana wa mbele hauna wa kumkaribisha.

Wasalimie mkeo na watoto, na majirani wa Tononoka wote, na wale wanaokodi kanda za karate, ambao hawajanikosea.

Ni mimi, mwenye nyumba aingiaye kwake kwa mlango wa nyuma,

Sufyan

Tanbihi: Mwalimu Chirau amemaliza. Asema katika kanda nzima hakuna mahali palipotajwa karibu. Pale mlangoni, mfu alikuwa akiulizia pa kuuweka mwavuli wake. Kioo pia hakimo, na thomu haimo.

Nimemwita Aida. Amekiri kuyatunga, wala hakuinamisha uso. Alisema katika posa hii mamake aliulizwa habari za nyama ya sambusa, nyanyake aliulizwa wageni waje saa ngapi, na ami zake Taib waliulizwa kama halua wapenda ya lozi. Kunyamaza ni jibu la aliyeulizwa, akasema, na yeye hakuulizwa kitu.

Nimekaa na maneno hayo tangu adhuhuri mpaka alasiri. Kisha nimekwenda nikamuuliza kama amtaka Taib, kama nilivyopaswa mwanzo. Hakunyamaza. Amesema hapana, hata muuza kahawa wa kona ya pili amesikia.

Basi madai yangu yote nayaondoa, na joho usivae. Ila ami zake Taib wameleta habari kwamba wamesamehe na watakuja tena Ijumaa baada ya magharibi, nami sina uso wa kuwaambia. Nakuomba sana kanda ikae hapa mpaka Jumamosi. Mamangu tumemweka pale pale dirishani, na kuhusu huo mwavuli hatujamwambia.