Penye Shaka, Tia H

Jumatatu, 15 Septemba

Kikao cha walimu. Jumamosi skuli yetu inatimiza miaka sitini. Mwalimu mkuu, Bi Riyama, katangaza kuwa anataka msaidizi, na wiki ijayo atapeleka jina moja wizarani. Hakusema la nani, lakini alinitazama. (Au aliitazama saa iliyo juu ya kichwa changu. Vyovyote.) Miaka kumi na tisa nasomesha Kiswahili, na cheo hicho nakitaka mpaka nakiota.

Bi Faiza wa historia kapewa kuandika historia ya skuli. Mimi nimepewa ukuta wa mbele: maneno matatu ya skuli, yaandikwe makubwa. ELIMU. NIDHAMU. ADABU. Historia itasomwa na watu sita. Ukuta utasomwa na njia nzima ya Mangapwani. Masikini Bi Faiza!

Jumatano, 17 Septemba

Fundi rangi kafika. Anaitwa Junaid, mpole, mkono wake mzuri, masikio ndiyo balaa. Neno la kwanza sawa. La pili kaandika NIZAMU! Nimemkalisha juu ya kopo la rangi nikamsomesha robo saa: weka ulimi baina ya meno, toa pumzi. Akajaribu. Akanitemea mate shatini.

Akauliza atajuaje neno gani lina dh na lipi halina. Sikuwa na nguvu tena. Asubuhi nilishamsahihisha muuza urojo (alisema "zarau") na sauti ilinikauka. Nikampa kanuni fupi.

"Penye shaka, tia H."

Kaiandika kiganjani. Nikamwacha na kazi yake, nikaenda kumweleza Bi Faiza namna ninavyowainua mafundi. Alisema vyema, akaendelea kuandika. Wivu.

Ijumaa, 19 Septemba

Tangu asubuhi wanafunzi wamejaa ukutani wanacheka. Nikaenda kuwatawanya. Nikatazama juu.

ELIMU. NIDHAMU. ADHABU.

Ya Rabi! Nimempigia Junaid. Kasema neno la tatu lilimtia shaka, akafuata kanuni. Sasa yuko Paje anapaka hoteli, harudi mpaka kesho kutwa. Rangi ya mafuta, imeshakauka. Afadhali Bi Riyama yuko mjini anahangaikia viti na mahema, hajauona.

Lakini kichwa changu hakijakauka. Nimemwita Pandu wa Kidato cha Nne, mrefu kuliko skuli nzima, nikamsimamisha ukutani. Kaifunika H sawasawa! Ikasomeka AD, Pandu, ABU. Kauliza akisimama saa tatu juani atapata nini. Nikamwahidi zawadi ya nidhamu, kwa kuwa mshindi wake namchagua mimi. Sijui kwa nini watu husema uongozi mgumu.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa mbili za mwanzo, raha tupu. Pandu hajatikisika. Bi Faiza alisoma historia yake: wanafunzi wa kwanza walivyobeba mawe ya msingi kichwani, mama zao wakawapikia uji hapo hapo kiwanjani. Watu walilia. Mimi sikulia, nilikuwa nalinda H.

Zikaja zawadi. Bi Riyama akaita: zawadi ya nidhamu, Pandu!

Nikamkonyeza. Nikatikisa kichwa. Nikampungia leso. Pandu akaitika naam, akaenda. Kaitwa na mkubwa, akaenda! Nani kamfundisha nidhamu mtoto huyu?

H ikabaki wazi. Mgeni rasmi, Mzee Kheir, aliyekuwa miongoni mwa wabeba mawe wale, akavaa miwani. Akasoma kwenye kipaza sauti, neno baada ya neno.

"Wakati wetu ilikuwa vivi hivi," akasema. "Ila mlikuwa hamjaiandika."

Wazee wenzake wakacheka mpaka kofia zikaanguka. Bi Riyama hakucheka. Alinitazama, na safari hii hapakuwa na saa juu ya kichwa changu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Jumatatu, 22 Septemba

Jina la Bi Faiza limekwenda wizarani. Nimeumia, nasema kweli. Hata andazi la asubuhi limenishinda.

Kisha kaja mwenyewe, kanisalimia vizuri, kasema Junaid amerudi na nimsimamie tena. Asahihishe ukuta, halafu aandike juu ya mlango wa chumba cha walimu maneno aliyoyachagua yeye: KILA MWALIMU ANA THAMANI. Kasema alipoyachagua alinifikiria mimi. Mtego! Anangoja nikosee mara ya pili.

Hanipati. Nimelichunguza jambo hili usiku na mchana, na kosa halikuwa langu, lilikuwa la kanuni. Nimempa Junaid kanuni mpya: penye shaka, toa H. Ukuta umeshakuwa ADABU, safi kabisa. Naona hata fundi kaanza kuniheshimu.

Saa tatu kapiga simu akiwa juu ya ngazi, anauliza THAMANI ina H au haina. Nikamuuliza kama ana shaka. Kasema anayo, tena kubwa. Nikamwambia basi kanuni anaijua, nikakata simu. Nina kazi. Naandika barua ya kuomba ukaguzi wa Kiswahili wa mkoa mzima.

Sasa nasikia kicheko mlangoni, na sauti ya Bi Faiza anasoma: kila mwalimu anatamani. Anatamani nini? Hakumaliza. Msaidizi wa mwalimu mkuu, na sentensi hakamilishi! Nitamsahihisha kwenye chai ya saa nne, mbele ya wote.