Hotuba ya Kuzindua Mashine ya Kupimia Protini ya Damu

Nananom, machifu wetu mlioketi chini ya miavuli yenu kwa mujibu wa itifaki, Mama Malkia na baraza lako tukufu, Mchungaji, Imamu, Mganga Mkuu, na ninyi wadau wote wa Nkwantapong: mimi, Mkurugenzi wa Mkoa, Yaw Antwi-Bediako, nawasalimu kuanzia mkono wa kulia, kama desturi inavyotaka. (Makofi.)

Ndani ya mifupa yetu, chembe changa za damu husimamiwa na protini moja inayoziambia, "Wewe umeshakomaa, nenda kazini, na wewe, acha kuzaana!" Protini hiyo ikiharibika, chembe huongezeka ovyo, hazikomai, hazifanyi kazi, zinajaza nafasi tu, na hiyo ndiyo saratani ya damu. Kwa kifupi, protini hiyo ni mkurugenzi, kama mimi. (Kicheko kirefu. Mkurugenzi anainamisha kichwa kushukuru.)

Kwa mujibu wa takwimu shirikishi, utekelezaji wa mradi umefikia asilimia tisini na nne, kwani kamati ndogo saba zimekaa, zikaahirisha, zikakaa tena...

(Maame Dufie, muuza kenkey, yaani madonge ya unga wa mahindi, anasimama: "Samahani, Mheshimiwa. Daktari anasema hawezi kumchagulia binti yangu Serwaa dawa mpaka protini yake ipimwe. Damu tumeipeleka mjini mara mbili, imeharibikia njiani. Leo nimemleta mwenyewe. Mashine iko wapi?")

Swali zuri sana! Muulizaji apigiwe makofi.

(Sauti kutoka nyuma: "Makofi ya nini, Wofa, mjomba wetu? Mjibu mama wa watu!")

Najibu. Hapa kwetu hakuna shughuli isiyo na kitambaa chake cha kushonea sare. Msiba una kitambaa, harusi ina kitambaa. Sasa mashine ije ikute watu wamevaa nini? Ndiyo maana tulianza na Kamati ya Kitambaa, ambayo kwa miezi kumi na minne ilijadili kwa kina kama protini ichorwe kwa bluu au kwa kijani, na leo, hebu jitazameni, mmependeza! (Wachache wanajitazama. Serwaa, begani mwa mama yake, amefumba macho.)

Protini imara, damu imara! Nkwantapong mbele! (Mkurugenzi anapiga makofi peke yake.)

Namalizia kwa kuwashukuru wachapaji, washonaji na wapiga ngoma. Na wewe, Maame Dufie, nakushukuru kwa uvumilivu wako: jina la binti yako litakuwa la kwanza kabisa katika barua ya kuomba mashine, tutakayoanza kuiandika mara tu kamati itakapokubaliana kuhusu kitambaa kingine, cha kuipokelea.