Jiwe Langu na Vilele Vyake Vitatu

Jumatatu, 6 Mei 2024

Miaka kumi na minne niko asistenti wa kemia katika taasisi hii ya Likasi. Kumi na minne. Wanafunzi niliowafundisha kuosha mirija sasa wana magari. Leo Profesa Joachim ametangaza nafasi moja ya kusomea shahada ya udaktari: ataipata atakayeleta matokeo mapya Ijumaa. Atakayekosa, amesema huku akinitazama mimi, afikirie kwenda kufundisha sekondari. Tuko wawili, mimi na Clotilde. Clotilde ana miaka ishirini na tisa na huvaa glavu hata kufungua dirisha. Ananichosha.

Lakini nina jiwe. Shemeji yangu Rolly, mchimbaji, alilitoa kwenye shimo ambalo limekwisha kufukiwa. Malakiti, madini ya shaba ya kijani, yenye mishipa myeusi ambayo sijapata kuiona. Hakuna lingine. Nimesaga nusu. Clotilde ameniuliza, kwa sauti tamu mno, napima nini. Nimemjibu: sabuni. Unga nimeuficha mahali ambapo hatatia mkono, ndani ya karatasi ya beignets, maandazi ya mafuta ya mama Germaine anayeuza langoni. Beignets zenyewe zimo pia, ili asishuku.

Jumanne, 7 Mei

Spektromita yetu hupiga unga kwa miale isiyoonekana, kisha huchora mstari. Kila aina ya molekuli ina vilele vyake kwenye mstari huo. Lakini kwanza mashine inataka saa nzima ya kupata joto. Dakika ya hamsini na tano, umeme umekatika. Wanasema ni Koni, kwenye bwawa la umeme. Siku zote ni Koni. Umerudi saa tisa, na zamu ya saa tisa ni ya Clotilde.

Nimebadilisha majina kwenye orodha ya zamu mlangoni. Amegundua. Nimesema ni upepo. Akanipa nusu ya muda wake bila ubishi. Sijui anatafuta nini.

Ukurasa huu unaonyesha maandishi ya upande wa pili, hasa pale ninapoweka kidole. Madaftari ya siku hizi ni mabaya sana.

Jumatano, 8 Mei

Vilele vitatu! Viwili vimesimama bega kwa bega, cha tatu peke yake. Malakiti haina vilele hivyo; vitu vyenye uhai ndivyo huwa navyo. Nimetazama vitabu vyote viwili vya maktaba. Maana yake ni moja: ndani ya jiwe langu kuna mabaki ya kitu kilichokuwa hai. Nimekula beignets nne kwa furaha, nikapima tena. Vilele vimekua. Nimeketi, nikalia kidogo.

Nimemwonya mke wangu Orpha asiseme neno kanisani. Amesema wameshaanza kushukuru.

Ijumaa, 10 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Katika kikao cha matokeo maabarani nilikuwa nimefika kwenye jina la molekuli (jina langu, bila shaka) Clotilde alipoomba kuona unga. Mbele ya Profesa sikuweza kukataa. Akaunusa. Kisha akachukua beignet kutoka kwenye karatasi yangu, akiwa na glavu zake, akakata kipande, akakibana kwenye mashine. Vilele vitatu. Viwili bega kwa bega.

"Papa Athanase," akasema polepole, "hii haiko molécule ya mupya. Iko mafuta ya mama Germaine."

Nilieleza kwamba huenda molekuli imetoka ardhini ikaingia katika beignets, jambo linalohitaji uchunguzi. Hakuna aliyeandika. Profesa Joachim alifuta miwani yake kwa muda mrefu, akampa Clotilde nafasi.

Jumamosi, 11 Mei

Clotilde amekuja hadi kwetu Kikula, kwa miguu. Anasema jana aliosha unga uliobaki, mafuta yakatoka, akapima mara tatu. Vilele vyangu vyote vimekufa. Lakini chini yake kimebaki kimoja, kidogo, na hakimo katika kitabu chochote. Hata Profesa hakijui.

"Miye niko na nafasi tayari," akasema. "Hii iko jiwe yenu. Tuandike pamoja, jina yenu ya kwanza. Prof anasema na hiyo atawatafutia nafasi ingine."

Anachohitaji ni ile nusu nyingine ya jiwe tu. Tu! Orpha amemmiminia chai na kumwita mutoto wangu. Mimi nilikuwa nacheka moyoni. Sikuzaliwa jana. Nimemwambia jiwe limepotea. Amemshukuru Orpha kwa chai, akaenda. Orpha hasemi nami tangu saa hiyo.

Nakubali nilikosea. Karatasi ile ilikuwa mahali pa wazi mno. Kwa hiyo nusu iliyobaki nimeisaga yote, nikaufukia unga ndani ya kopo la samaki wakavu, katikati kabisa. Jumatatu nitapima peke yangu, mlango umefungwa kwa ufunguo. Nina hakika safari hii vilele vitakuwa vingi zaidi.