Taa ya Injini ya Lujain

Jumatatu, 6 Mei
Jana gari la mpwa wangu Lujain liligoma kuwaka. Nikaitwa mimi, nani mwingine? Nikalibusti kwa betri ya jirani. Nyaya zikajigeuza zenyewe, nyekundu ikakaa kwa nyeusi, kompyuta ya injini ikafuka moshi. Nikamwambia Lujain imekufa kwa uzee. Akaamini.

Leo nimechimbua nyingine kwenye vyuma chakavu, nje ya Zarqa. Muuzaji akauliza ni ya injini gani. Nikamjibu plagi ya nyaya zake inaingia, maswali ya nini? Gari likawaka papo hapo! Dada yangu Umm Ghaith, mama yake Lujain, akapika mansaf, nyama ya kondoo imezama kwenye mtindi. Nikala ya watu watatu, huku nikisimulia nilivyofufua gari la mwana wa mfalme kule Kuwait, gizani, kwa kijiko cha chai. Tunanawa mikono, Lujain akaingia. Taa ya injini imewaka. Nyuma, moshi mweusi.

Kesho kutwa ni ukaguzi wa gari. Jumapili binti anaanza uuguzi mjini Mafraq, zamu ya alfajiri, na saa hizo hakuna basi. Bila gari, kazi hana.

Jumanne, 7 Mei
Nimeazima mashine ya kupimia. Inasema hitilafu ni sensa ya oksijeni, kile kidude kwenye ekzosi kinachoiambia kompyuta mafuta yanaungua vipi. Nilijua tangu mwanzo! Nikafunga sensa mpya. Taa ikazima, nikapiga vigelegele kama mwanamke wa harusini. Sijamaliza, ikawaka.

Akapita Abu Sannad, fundi umeme wa magari wa mtaa wetu. Ndiye niliyemwita fundi wa taa za sikukuu mbele ya kinyozi na wateja wake wote. Akauliza kama kompyuta ni ya aina ileile. Nikamwambia aende akatundike taa zake.

Nikafunga sensa ya pili. Taa ipo. Basi nikanunua kibandiko cha jicho la buluu, kile cha kukinga husuda, nikakibandika juu ya taa. Hakuna taa! Lujain akaja, akakiona, akanishukuru kwa kumwombea heri. Nikajifanya natafuta spana chini ya gari. Nikakaa huko muda mrefu.

Jumatano, 8 Mei
Aibu. Mkaguzi alikibandua kibandiko kwa ukucha. Mbele ya foleni nzima. Akacheka, foleni ikacheka. Lujain hakucheka wala hakugomba. Alisema tu, "Mjomba, ungeniambia."

Jioni tukaenda wote wawili kwa Abu Sannad. Nilikuwa na mpango: mwenye ombi huweka kikombe cha kahawa chini, hanywi mpaka mwenyeji akubali. Nani atamwacha mgeni na kahawa inayopoa? Kahawa ikaja. Mkono ukajiendea wenyewe. Nikanywa yote, ombi bado liko tumboni.

"Umeshakunywa, Abu Nimr," akaniambia Abu Sannad, mbavu hana. "Karibu tena siku nyingine."

Kikombe cha Lujain kilikuwa bado mezani. "Changu bado, ami," akasema.

Abu Sannad akakitazama kikombe. Kisha akauliza ni nani aliyesema kompyuta yoyote itafaa. Nikatazama viatu vyangu.

"Mimi," akasema Lujain. "Mjomba alinikataza."

Abu Sannad alinitazama mimi, si yeye. "Kunywa, binti yangu. Ulichotaka umepata."

Na mimi, mwanamume mwenye masharubu haya, nikamwacha abebe kosa langu.

Alhamisi, 9 Mei
Abu Sannad aligeuza kompyuta, akasoma namba ya chini. Ni ya injini nyingine kabisa, inayotumia sensa ya aina nyingine. Hata ningefunga sensa za Jordan nzima, isingezielewa hata moja. Akaleta inayofanana na ile iliyoungua. Taa ikazima, moshi ukakata. Gari limepita ukaguzi. Wakati anafunga boneti akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nina haja ya taa za sikukuu.

Jumapili, 12 Mei
Alfajiri Lujain alipita na sare yake nyeupe, akapiga honi mlangoni kwangu. Nilijificha nyuma ya pazia. Nimeapa: gari siligusi tena maishani.

Mchana nilikwenda kunyoa. Kinyozi akauliza habari za gari. Nikamweleza nilivyogundua kwamba kompyuta na sensa haziendani, Abu Sannad akinishikia tochi. Wateja wakaguna kwa kustaajabu. Kinyozi akasema na lake limegoma tangu jana. Sasa ile kompyuta ya vyuma chakavu ninayo bado, kabatini. Nimechungulia gari lake: plagi inaingia.

Lakini kwanza nitalibusti. Nyekundu kwa nyekundu, au nyekundu kwa nyeusi? Nitakumbuka nikishazishika nyaya.