Ombi la Kusimamisha Ndoa ya Felisita kwa Saa Nne ili Feni Irekebishwe

Kasoli, Bariadi
14 Oktoba

Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na kuku wako, maana nimesikia kideri kimepita huko.

YAH: KUSIMAMISHWA KWA NDOA, SAA MBILI ASUBUHI HADI SAA SITA MCHANA

Mimi ni Januarius Mayala, mkulima wa pamba, yule wa benchi la tatu upande wa wanaume. Mwaka juzi ulimfungisha ndoa binti yangu Felisita na Joakim Mwandu wa Ngulyati, ambaye ni fundi umeme. Sina ugomvi na ndoa hiyo. Naomba tu uisimamishe kwa saa nne, siku yoyote isiyo Jumapili. Sababu ninazo, na nimezipa namba ili usipate shida.

1. Mke wangu Specioza amefika umri ambao mwanamke hushikwa na joto hata mvua ikinyesha. Mkwilima wetu Joakim alisikia, akatuletea zawadi ya feni ya darini, nasi tukashukuru kwa moyo wote. Lakini mila zetu Wasukuma unazijua, Baba. Mkwilima haingii chumba wanacholala wakwe zake, hata nyumba ikiwaka moto. Na feni ilitakiwa kufungwa humo humo chumbani.

2. Joakim ni mtu wa adabu. Alipanda darini kwa tundu la kwenye korido, akatambaa hadi juu ya kitanda chetu, akateremsha ndoano na waya. Mimi nilisimama kitandani nikafunga feni kwa maelekezo yanayotoka juu, bila kumwona anayeelekeza, kama Musa. Swichi ya chumbani ipo ukutani, ila ukishaupita mlango. Kwa hiyo waya akaupeleka kwenye swichi ambayo mila inamruhusu kuigusa, ya taa ya sebuleni. Tangu siku hiyo ukiwasha taa sebuleni, feni inazunguka chumbani. Ukizima taa, feni nayo inasimama.

3. Akiwa huko juu aliteleza kwenye ubao, mguu wa kulia ukatoboa dari, ukaning'inia chumbani hadi gotini. Wazee wa ukoo wamekaa vikao viwili kujadili kama mguu ni mkwilima. Wameamua kwamba mguu usio na macho si mtu, ila mbuzi mmoja ameliwa ili kuwa na uhakika.

4. Jumuiya ikija kusali rozari kwetu tunawasha taa, na upepo unapuliza kitanda kisicho na mtu. Tukienda kulala tunaiacha taa ikiwaka, na huku kwetu nyumba yenye mwanga ni nyumba inayokaribisha. Jirani yangu Maganga anaingia, anavuta kiti, anasimulia ng'ombe wake mmoja mmoja. Mgeni wa namna hiyo huagwa kwa kuzima taa. Nikizima, nakata upepo wa mke wangu. Basi simwagi, na ng'ombe wake ni wengi.

5. Utauliza kwa nini nisiite fundi mwingine. Baba, kumwita fundi wa mjini aje kufumua kazi ya mkwilima ni kumtangaza mkwilima sokoni kwamba hajui kazi. Akijua, hatakanyaga tena hapa, na akija hatakula. Heri joto.

6. Hili ndilo linaloniuma. Mwezi uliopita Specioza alichoka na taa, akachoka na Maganga, akachoka na mimi. Akabeba godoro na chandarua akahamia barazani. Kwa miaka thelathini na moja hatujalala mbalimbali isipokuwa kwa misiba na uzazi. Na fisi wa huku unawajua, hawaheshimu umri wa mtu. Mimi nimebaki ndani na feni inanipuliza peke yangu, sioni raha yake. Nimemkumbuka mke wangu, naye yuko hatua kumi tu.

Tumefikiri sana. Mila ni ya mababu, nao hawapatikani. Ndoa ni ya kwako, nawe una simu. Tumeona tuombe upande ulio na mtu wa kuombwa. Ndoa ikisimama, Joakim si mkwilima tena, ni fundi kama mafundi wengine. Ataingia, atafungua swichi, atatoka. Kengele ya saa sita ikilia, ndoa iendelee pale ilipoishia.

Ili isionekane mchezo, tumejipanga. Ng'ombe wa mahari wataswagwa kurudi Ngulyati hadi nusu ya njia kisha wageuzwe, maana saa nne haziwatoshi kufika. Felisita atakaa kwa shangazi yake kama msichana, na mwanaume atakayekuja kuposa ndani ya muda huo hatasikilizwa. Mjukuu wetu Precious, mwenye miezi minane, kwa hizo saa nne tunaomba ahesabiwe mtoto wa Parokia. Ikiwa sheria za Kanisa zinabana, hata saa moja na nusu inatosha. Waya ni mmoja.

Msalimie katekista, masista, wanakwaya wote hata wale wa sauti ya tatu, na mpishi wako Philomena, mwambie ule mhogo ulikuwa mzuri. Wa huku wote wanakusalimu, kasoro Maganga, ambaye yupo hapa anamalizia habari za ndama.

Ni mimi mwanao katika Kristu, mwenye feni,
Januarius Mayala

N.B. Ombi naliondoa, ila barua naituma hivyo hivyo kwa sababu karatasi imeshaandikwa. Leo Felisita alikuja kutusalimu. Akazima meinswichi, akaingia chumbani kwetu, maana hakuna mila inayomzuia binti kuingia kwa mama yake, akafungua ile swichi ya ukutani. Ina vitufe viwili, na kimoja hakijawahi kuwa na kazi tangu nyumba ijengwe. Akapanda darini, akauvuta waya, akauleta hapo. Dakika arobaini. Mama yake amerudisha godoro ndani. Nilijua kwamba Felisita alisomea umeme miaka miwili, na huko chuoni ndiko alikokutana na Joakim, ila nilidhani ni umeme wa kwenye mtihani. Nimemuuliza kwa nini alituacha tuteseke miezi mitatu bila kusema neno. Amenijibu kwamba alisema, siku ile ile ya kwanza, nami nikamwambia aende kwanza akamchemshie fundi chai.