Choo cha Binti Mfalme

Rupert Tansley hakuwahi kufanya kazi ya kumtoa jasho, ila ulimi wake haukujua likizo. Siku alipopita Barabara Kuu ya Wexcombe, akachungulia dirisha la nyumba namba kumi na nne na kumwona Bi Winifred Hathersage, mjane wa miaka themanini, akikinga ndoo chini ya dari linalovuja, alijua riziki imemwita kwa jina.

Nyumba ilikuwa ya zama za Malkia Victoria: matofali mekundu, vioo vya rangi mlangoni, na uani choo cha matofali kisichotumika tangu mabomba yaingizwe ndani. Kwa wiki mbili Rupert alimlainisha bibi, akimwambia kwamba kuta zimeoza na nyumba yenyewe haina historia ya maana. Bibi alizaliwa humo na alitaka kufia humo, lakini paa lilikuwa limemshinda. Akamuuzia Rupert kwa bei ya kutupa, akahamia chumba kimoja juu ya duka la mikate, akilia njia nzima, ingawa njia yenyewe ilikuwa ya kuvuka barabara tu.

Mara nyumba isiyo na historia ikaanza kuota historia. Rupert alikuwa amempata mnunuzi, Bwana Brandreth, tajiri wa madirisha ya plastiki, aliyetaka nyumba ya kuwaringia wakwe. Rupert akalowesha karatasi kuukuu kwenye chai, akaandika barua ya binti mfalme wa Kijerumani aliyelala pale siku tatu mwaka 1883. Na kwa kuwa uongo hupenda mashahidi, akaomba kukihutubia Chama cha Historia cha mji, ambacho katibu wake alikuwa Bi Winifred.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Keki zikaliwa, Rupert akasimulia, makofi yakampanda kichwani. Akaapa kwamba kila kitu pale ni kilekile cha mwaka huo, hata choo cha uani, ambacho binti mfalme alikisifu kwa maandishi.

"Inavutia sana," alisema Bi Winifred. "Unaweza kutuandikia hayo na kutia sahihi, mwanangu? Ya choo pia."

Rupert akatia sahihi kwa madaha. Hakuwa mzaliwa wa pale, maskini. Wexcombe mtu haitwi mwongo mbele ya chai. Huambiwa "inavutia sana", kisha hushughulikiwa.

Karatasi ile ikaenda kwa maafisa wa majengo ya kale. Wakaja wawili na makoti ya mvua, wakapima, wakaiingiza nyumba kwenye orodha ya serikali: haibomolewi, haibadilishwi, na paa litengenezwe kwa vigae vya mawe kama vya zamani, kwa gharama ya mwenyewe. Choo nacho kikaorodheshwa.

Brandreth alikuja juu. "Gereji yangu ya magari matatu ilikuwa ikae hapo penye choo. Na madirisha yangu je?"

"Hata moja haliruhusiwi," Rupert alikiri.

"Basi kaa nacho mwenyewe."

Kusema kwamba barua ni ya kughushi kungempeleka jela. Kunyamaza kungemfilisi, na mvua zilikuwa zimeanza. Alivumilia mpaka ndoo zikamwishia, akavuka barabara, akapanda juu ya duka la mikate na kumuuzia Bi Winifred nyumba yake kwa nusu ya bei aliyoinunulia. Nusu iliyobaki ilitosha paa.

Kabla ya kuondoka aliuliza, kinyonge, kama kweli bibi aliamini habari za binti mfalme.

"Choo kile alikijenga baba yangu mwaka 1921, na picha ninayo, ameshika mwiko," alisema Bi Winifred, akimsogezea keki. "Lakini ulikuwa unasimulia vizuri, mwanangu, nikaona haya kukukatiza."