Ndoa ya Kumziba Shahidi Mdomo

Miaka ile baada ya vita, Hollywood ilikuwa na Wafaransa wengi kuliko Paris, na wengi wao walikuwa wametoka Nebraska. Mmoja wao alikuwa Madame Solange, mtaalamu wa ngozi za wanawake wakubwa wa sinema. Kwenye cheti cha kuzaliwa aliitwa Lorna Kubik, binti wa muuza nyama wa Omaha, huko huko Nebraska, na Kifaransa chake chote kingeenea kwenye kijiko cha chai na bado nafasi ya sukari ikabaki. Lakini alikuwa na mikono. Akikukanda shingo, unasahau deni, unasahau mume, unasahau na hereni ulikuwa umevaa ngapi.

Asubuhi moja, akinywa kahawa kwenye kaunta ya duka la dawa pale Vine Street, Lorna alifungua gazeti kwenye ukurasa wa umbea. Watu wengine husoma ukurasa ule kujua nani kamwacha nani. Lorna aliusoma kama mkulima anavyotazama mawingu. Umbea wa siku hiyo ulisema kwamba Delphine Marchbanks, yule nyota mwenye macho ya kulia bila sababu, ataingia kwenye onyesho la kwanza la sinema yake mpya amevaa mkufu wa almasi alioazimwa na sonara mkubwa wa Wilshire. Ndivyo ilivyo desturi ya mji ule: sonara anaazima, nyota anavaa, wapiga picha wanapiga, kesho yake mkufu unarudi kwa mwenyewe na nyota anabaki na picha.

Lorna alikunja gazeti taratibu. Delphine Marchbanks alikuwa mteja wake, na kabla ya kila onyesho alitaka kukandwa.

Hapo mtu mwenye akili angemaliza kahawa yake na kwenda zake, maana Lorna alishafungwa mara mbili. Mara ya pili hakimu alimwangalia juu ya miwani akamwahidi kwamba akirudi tena mbele yake, atatoka gerezani akiwa amesahau nywele zake zilikuwa rangi gani. Hakimu yule hakuwa mtu wa utani. Lorna aliwaza ahadi hiyo kwa muda wote unaohitajika kumalizia nusu ya andazi. Kisha akaenda kununua kopo jipya la krimu, kubwa, la mdomo mpana.

Mchana wa onyesho alimkuta nyota amejilaza kitini nyumbani kwake Beverly Hills, mkufu shingoni, hataki kuuvua hata kwa kukandwa, eti anauzoea. Mlangoni alisimama mwanamume mrefu ameshika kofia yake kwa mikono miwili, uso wake kama wa mtu aliyeachiwa kushika mtoto wa mwenzake. Delphine alimtambulisha kwa kupunga kidole: Sajenti Emmett Dunleavy, kachero wa polisi, ameletwa kulinda almasi. Studio ilikuwa imemwomba kwa wakubwa wake kwa kuwa anapendeza kwenye picha.

Lorna hakushtuka. Kulindwa ni heshima kwa mali. Alimfunika nyota macho kwa taulo la moto, akaanza kukanda huku akisimulia, kwa lafudhi yake ya Paris ya pembeni mwa Omaha, habari za malkia mmoja aliyezeeka shingo kwa kukosa kupumzika. Delphine alianza kukoroma kistaarabu. Vidole vitatu vikafanya kazi yao nyuma ya shingo, mkufu ukateleza, ukaingia kwenye kopo la krimu na kuzama kama kiboko anayekwepa jua.

Alipoinua macho, kwenye kioo kikubwa chenye taa pembeni, Sajenti Dunleavy alikuwa anamtazama.

Hakupiga kelele, wala hakutoa pingu. Alipepesa macho mara moja, polepole, kama paka aliyeshiba. Lorna alifunga kopo, akafungasha mkoba wake, akafika mlangoni. Sajenti akamfungulia.

"Krimu nzito hiyo, madamu," alimnong'oneza. "Uibebe kwa uangalifu."

Njiani alipata jibu la fumbo lile, au alidhani amelipata. Polisi hawamkamati mwizi mdogo wakati wanaweza kumfuata hadi kwa mnunuzi mkubwa. Dunleavy alimwachia kamba ndefu. Basi dawa ni kutokwenda kwa mnunuzi, kutofungua kopo, kutoligusa kabisa, na kulisahau kwenye rafu kati ya makopo mengine mpaka kachero achoke.

Kesho yake magazeti yote yalimwonyesha Delphine akilia. Siku iliyofuata alilia kwa upande mwingine wa uso. Vichwa vya habari vilisema polisi wanamkaribia mwizi, na hilo Lorna hakuhitaji kusoma, maana mwizi alikuwa amekaa kwenye kaunta ya duka la dawa na polisi alikuwa amevuta kiti cha jirani.

Dunleavy alieleza kwa adabu kwamba kazi yake ni kumfuatilia, ila kukaa ndani ya gari kutwa kunamuumiza kiuno, na kama madamu hana neno angependa kumfuatilia akiwa ameketi naye. Lorna alimwambia nchi hii ni ya uhuru. Akaagiza supu. Naye akaagiza supu.

"Unajua nilichokiona," alisema kachero, akichovya mkate.

"Sijui unazungumzia nini, Sajenti."

"Basi tuseme hivi. Mimi ndiye shahidi pekee. Nisipokuwepo mimi, hakuna mwingine aliyeona kitu duniani."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Chumvi. Iko upande wako."

Ndivyo ulivyoanza urafiki wa ajabu. Alimfuata sokoni akambebea vikapu. Alimfuata hadi gati ya Santa Monica, akashindwa mchezo wa kurusha pete mpaka mwenye mchezo akamwonea huruma akampa mdoli. Lorna, ambaye wanaume aliowajua walikuwa aidha wa kuibiwa au wa kukimbiwa, alijikuta anapaka rangi ya mdomo kabla ya kwenda kufuatiliwa. Siku moja kachero alichelewa, na Lorna akamkaripia, akamuuliza hiyo ni kazi gani anayofanya kwa kodi za watu. Aliporudi nyumbani aliona aibu. Kuna makosa ambayo hata mwizi hapaswi kuyafanya.

Ni kwenye gati pale pale Dunleavy alipotaja, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Jumatatu ana mahali pa kwenda asubuhi na mapema na hapapendi. Lorna akauliza kama ni mahakamani. Kachero akatazama maji. Baadaye kidogo, bila kuulizwa, akasimulia habari za mwenzake mmoja wa kazini aliyempenda karani wa benki aliyekuwa anashitakiwa. Wakaoana kabla ya kesi, na sheria ya California ikamziba mdomo: mume haruhusiwi kutoa ushahidi dhidi ya mkewe mpaka mke mwenyewe akubali. Kesi ikafa pale pale. Dunleavy alicheka, akasema wanawake wana akili, akaenda kununua karanga.

Lorna alibaki ameshika reli za gati. Wazo lilimwingia taratibu, likavua viatu, likakaa. Na kama ilivyo kwa mawazo yote mazuri tunayopewa na wengine, aliamini amelizaa mwenyewe.

Dunleavy aliporudi na karanga alimkuta analia kwa jicho la kushoto. La kulia Lorna huliweka akiba. Alimweleza kwamba amechoka na upweke na uongo, na kwamba maishani mwake hajawahi kufuatiliwa na mtu mwenye utu kama yeye. Jambo la kuudhi ni kwamba alipofika katikati ya hotuba, jicho la kulia nalo likaanza, na yeye hakuwa ameliruhusu.

"Unaniposa?" aliuliza kachero.

"Nakufungulia mlango. Kuposa ni kazi yako."

Akaposa, karanga mkononi.

California inawalazimisha wachumba kusubiri siku kadhaa, ili akili zipate muda wa kurudi. Watu wa Hollywood hawajawahi kuwa na subira hiyo. Wakipendana wakati wa kifungua kinywa, huvuka jangwa hadi Yuma, ng'ambo ya mpaka wa Arizona, ambako hakimu anafungisha ndoa kama anavyouza stempu. Jumapili asubuhi Dunleavy alijaza petroli, Lorna akavaa kofia, wakaenda. Hakimu wa Yuma alitoka na ndara, mke wake akapiga kinanda kilichokosa meno mawili, na kabla jasho la safari halijakauka, Lorna Kubik wa Omaha alikuwa Bibi Dunleavy.

Chakula cha harusi kilikuwa nyama ya nguruwe na mayai, kwenye mkahawa wa barabarani wenye feni moja ya dari. Lorna alingoja mpaka mhudumu aondoke. Alikuwa amejiandaa kwa ushindi, na alishangaa kuona hauna ladha aliyoitarajia.

"Emmett," alisema, "samahani kwa nitakachokuambia. Jumatatu huwezi kusema neno juu yangu. Mimi ni mke wako sasa. Sheria imekuziba."

Dunleavy alipaka siagi kwenye mkate wake hadi pembeni kabisa.

"Nashukuru kusikia," alisema. "Maana Jumatatu nina miadi na daktari wa meno."

Feni ilizunguka.

"Mahakamani je?"

"Nani kakwambia mahakamani? Ni jino, la nyuma huku. Mlalamikaji hayupo, Lorna. Yule mama amelia kwenye kila gazeti la mji, lakini kituo cha polisi hajakanyaga, na hatakanyaga. Mchana ule kabla hujafika nilimpigia simu sonara nihakikishe mali niliyopewa kulinda. Akaniambia mkufu uko mezani kwake anautazama, na kwamba hamwazimi tena Delphine hata pini, maana mara ya mwisho hereni zilirudi baada ya kusumbuana. Ule aliovaa ni vioo. Umetengenezwa kwenye karakana ya studio."

Lorna alipekua kumbukumbu zake zote, akatafuta mahali pa kusimama, akakosa. Mwizi wa miaka yote hiyo, mwenye vidole vinavyojua uzito wa jiwe gizani, alikuwa ameamini gazeti. Krimu ilificha kilichobaki, na kopo hakulifungua tena. Nyota alitaka picha akapata picha, na mwizi alikuwa amemfanyia kazi ya matangazo bure.

"Ulisema wewe ndiye shahidi pekee."

"Ndivyo. Wa vioo."

"Na yule mwenzako wa kazini? Na karani wa benki?"

Hapo kachero akapata haya mara ya kwanza. "Huyo nilimtunga," alikiri. "Sheria ni ya kweli. Niliogopa nikikuambia ukweli utafungasha uende, na kukuposa hivi hivi, mwanamke kama wewe, ungenicheka mpaka Omaha."

"Kwa hiyo umenitapeli."

"Nimejaribu. Nimejifunza kwa kukutazama."

Lorna akauliza, kwa sauti ndogo, wakubwa wake watasema nini kwa kachero aliyeoa mfungwa wa mara mbili. Dunleavy alisema hawatasema kitu, kwa sababu beji ameirudisha jana. Kisha akatoa funguo za gari, akaziweka katikati ya meza, karibu na chumvi. Akasema hakuna kesi, hakuna anayemfuata, na ndoa ya Yuma inavunjwa kwa urahisi ule ule inaofungwa. Asingemshika mkono kumzuia.

Lorna alichukua funguo. Hakuaga. Alitoka na kofia yake, akawasha gari, akashika barabara ya mashariki.

Jangwa lilikuwa jeupe na barabara ilikuwa tupu. Hivi ndivyo alivyokuwa ameomba tangu siku hakimu alipomwangalia juu ya miwani: uhuru, petroli na hakuna mtu nyuma. Alitazama kwenye kioo. Hakukuwa na mtu nyuma. Alitazama tena, akajisogeza, akakirekebisha kioo kana kwamba kasoro iko kwenye kioo. Baada ya mwendo kidogo akagundua kwamba anaendesha polepole, kama mtu anayengoja kufikiwa. Akamtukana Dunleavy kwa Kifaransa chote alichokijua, na kwa kuwa kilikuwa kidogo, akamalizia kwa cha Omaha. Kisha akageuza gari katikati ya barabara.

Kachero alikuwa pale pale alipomwacha, kitambaa shingoni, na mbele yake kulikuwa na sahani mbili za keki ya matufaha. Lorna alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Ulijuaje kwamba nitarudi?"

"Sikujua," alisema Dunleavy. "Nilikuwa na njaa."

Lorna alizitazama zile sahani. Moja ilikuwa imeliwa nusu. Ya pili haikuwa imeguswa, na uma wake ulikuwa umelazwa upande wa kiti kitupu. Alikuwa amewadanganya watu wa kila aina, kuanzia mabenki hadi maaskofu, na anautambua uongo uliochongwa vizuri akiuona.

"Mwongo mkubwa wewe," alisema, akavuta kiti.